Mawe Katika Kopo la Vifungo

Mama Mapacha alikiri kabla hajaulizwa.

"Nilimpa mimi," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Andika, afande, tumalize."

Mpelelezi hakuandika. Pale kituoni walimwita Kobe, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa heshima, maana wengi walioanza kazi pamoja naye wakikimbia walikuwa wameshaanguka njiani, na yeye bado alikuwa anatambaa. Aliweka kalamu chini. Akasogeza katikati ya meza mfuko wa nailoni uliokuwa na kikombe cha bati ndani yake. Kitako cha kikombe kilikuwa na mashapo meupe, yamekauka na kupasukapasuka kama tope la kidimbwi.

"Ulimpa nini?"

"Hicho kilichomo."

"Kilichomo kinaitwaje?"

Mwanamke alitazama ukuta.

"Ni sumu ya panya?"

"Kama wewe unasema."

"Mimi sisemi, mama. Mimi sikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwepo, na umesema umempa. Mtu huua na kitu. Sijapata kumwona aliyeua na 'hicho kilichomo'."

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alikufa akitapika, ameshika tumbo, akili imemruka hata akawa anawaita watoto wake kwa majina ya wateja. Daktari aliyeipasua maiti alikuta figo zote mbili zimekufa, lakini hakujua kilichoziua, akaandika kwamba suala la sumu haliwezi kuondolewa. Dada wa marehemu, muuguzi mstaafu, ndiye aliyekileta kikombe kituoni, amekifunga kwa leso, akisema wifi yake amemlisha mdogo wake sumu. Tangu hapo Mama Mapacha alikuwa mahabusu. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la mauaji, na shtaka hilo halina dhamana.

"Watoto wangu wako wapi leo?" aliuliza.

"Kwa shangazi yao."

"Wamekula?"

"Wanakula vizuri."

"Basi andika nilivyosema."

Kobe alinyanyuka. Muuaji aliyekiri huuliza habari za wakili. Huyu alikuwa ameuliza habari za chakula, akaridhika, kisha akasisitiza afungwe.

Ukumbini, Mkuu wa kituo alikuwa anamsubiri, mikono nyuma. "Nimesikia amekiri. Sasa unakwenda wapi na kofia? Kuku ameingia mwenyewe chunguni, wewe unamtafutia kisu?"

"Kuku akiingia mwenyewe chunguni, mkuu, mimi huenda nje kutazama nini kinamfukuza."

"Una hadi jioni."

Nyumba ya Fundi ilikuwa ya vyumba vitatu, na chumba cha mbele kilikuwa karakana. Dada wa marehemu alimfungulia mlango. Mtaa mzima ulimwita Sista, kwa sababu ya wodi alizozitumikia, na mpaka leo alibana saa yake kifuani kichwa chini miguu juu kama alivyozoea kazini. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha wagonjwa walale. Mkononi alishika chupa kubwa ya maji.

"Umekuja kumalizia?" alisema. "Vizuri. Huyu mdogo wangu nilimlea tangu ananyonya. Wazazi walituacha, nikamfunga mgongoni nikaenda naye shule. Halafu anakuja mtu kutoka huko anakotoka, ananiulia."

"Pole, Sista. Aliugua vipi? Nianzie mwanzo."

"Alianza na mifupa. Mgongo, nyonga, mapaja. Mwaka juzi aliinua pasi tu, bega likavunjika. Pasi! Halafu kiu. Anamaliza jagi, anataka jingine. Anakwenda haja ndogo kutwa, mpaka wateja wakamtania kwamba cherehani yake inaendeshwa kwa maji. Akawa na hasira na usahaulifu. Alimshonea bwana harusi mmoja suruali yenye miguu miwili ya kushoto." Alikitazama kigoda cha cherehani. "Fundi kama yule. Hapo ndipo nilipojua kuna mkono wa mtu."

Alifungua chupa akainywa yote, akafuta mdomo. "Samahani. Joto la leo."

Nje kulikuwa na mawingu mazito tangu alfajiri. Punde Sista aliomba radhi akaenda uani, akamwacha peke yake karakanani.

Kobe alianza na kabati. Nyuma ya marobota ya vitambaa aliikuta pakiti ya sumu ya panya. Aliigeuza kwenye mwanga. Haikuwahi kufunguliwa, na unga ulioonekana kupitia karatasi yake ulikuwa wa rangi ya waridi. Kikombeni mlikuwa na mashapo meupe. Akairudisha.

Kwenye meza ya kukatia kulikuwa na vipande vya chaki ya kuchorea nguo, vyeupe pe. Alikwangua kwa kucha, akatia vumbi lake kwenye kibakuli cha maji. Vumbi likaelea juu, likang'aa. Chaki ya Fundi ilikuwa ya nta, na nta haizami wala haiachi mashapo. Njia hiyo nayo ikafungwa.

Kilichobaki kilikuwa kopo la vifungo.

Fundi alikuwa mtu wa utaratibu. Kila aina ya kifungo aliitunga kwenye uzi wake na kuufunga fundo: vya shati uzi wake, vya koti uzi wake, vya sare za shule uzi wake. Kobe alizitoa nyuzi moja moja kama shanga na kuzilaza mezani. Chini ya kopo vikabaki vitu vidogo vilivyolegea, visivyotungwa. Akavimimina kiganjani. Vilikuwa vya rangi ya udongo, vingine kama punje ya mtama, vingine kama ya mahindi, na vyote vilikuwa na miiba midogo iliyokwaruza ngozi.

Mtu anayetunga kila kitu, kwa nini asivitunge hivi? Kobe alikigeuza kimoja, akakigeuza tena. Jibu lilikuwa jepesi. Havikuwa na tundu.

"Takataka hizo," Sista alisema mlangoni. Kisha akasogea, akavaa miwani, na sauti ikashuka. "Hapana. Hayo ni mawe ya figo. Yamepita njiani, moja baada ya jingine. Mungu wangu! Mbona hakuniambia?"

"Mwanamume hamwonyeshi dada yake kitu kilichopitia huko."

"Mimi ni muuguzi!"

"Kwake ulikuwa mama, Sista."

Kisha Sista akakumbuka hasira yake. "Ndiyo, figo zilikuwa zinamsumbua, hilo nalijua. Mkewe alimpeleka hospitali kuu, kwa daktari wa figo. Unajua walirudi na habari gani? Kwamba akapasuliwe shingo!" Aligonga meza. "Figo ziko kiunoni, afande, hao wanataka kumfungua kooni! Nikamwambia mdogo wangu, leo figo wanakata shingo, kesho ukiumwa jino watakukata goti. Mkewe akalia, eti twende, daktari kasema turudi upesi. Nikakataa katakata."

"Ukakataa wewe."

"Nimekaa wodini ujana wangu wote. Namjua daktari anayejifunzia kazi kwenye mwili wa maskini."

Kobe aliyafunga mawe katika karatasi. Alipofika barabarani alikuwa na swali moja tu kichwani, nalo lilikuwa lile lile ambalo Sista alilifanyia mzaha.

Daktari wa figo alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Aliyapokea mawe, akayapekua kwa ncha ya kalamu.

"Fundi cherehani," alisema bila kuulizwa. "Mwenye bega lililovunjika. Nilimwambia arudi. Yuko wapi?"

"Amekufa."

Daktari alivua miwani. Hakusema pole. Alisema, "Alisubiri nini?"

"Mama, nina swali. Figo na shingo vina undugu gani?"

"Wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza hilo bila kucheka. Kaa." Aligusa koo lake, chini kidogo ya kikoromeo. "Hapa kuna tezi ya shingo, ile inayovimba watu wakaiona. Nyuma yake kuna vijitezi vingine vinne ambavyo huvioni, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni moja, kupima kalsiamu ndani ya damu. Ikipungua, vinaiamrisha mifupa itoe kidogo. Ikitosha, vinanyamaza. Sasa kimoja kikiota uvimbe, hakinyamazi. Kinaamrisha mchana na usiku. Mifupa inatoa, inatoa, mpaka inabaki kama mbao iliyoliwa na mchwa."

"Mtu anainua pasi, bega linavunjika."

"Naam. Na damu imejaa kalsiamu isiyohitajika. Nani anatakiwa kuitoa nje?"

"Figo."

"Figo. Kwanza zinamwaga maji mengi, ndiyo hiyo kiu, ndiyo hiyo safari ya uani kila saa. Baadaye kalsiamu inaganda, yanakuwa mawe. Isiyotoka inajipaka ndani ya figo zenyewe, kama chokaa inavyojipaka ndani ya birika. Siku moja birika halichemshi tena. Akili inachanganyikiwa, tumbo linakataa chakula, mtu anakwenda. Ukimtazama utaapa kalishwa sumu."

"Na ukimpasua shingo?"

"Unakiondoa kile kimoja kilichoasi. Kidonda kinatosha kufunikwa na kola ya shati." Aliyasukuma mawe kuelekea kwa Kobe. "Angekuwa cherehanini kwake sasa hivi."

Kobe alikunja karatasi ya mawe. "Mtu akiumwa mifupa namna hiyo, watu wa nyumbani humpa dawa gani?"

Daktari alimtazama. "Usiniambie walimpa kalsiamu."

"Sijui bado."

Simu ya Kobe ikalia. Alikuwa mkemia wa serikali, aliyekuwa ameshapelekewa kipande cha mashapo, mtu asiyepoteza maneno. Mashapo ya kikombe hayakuwa sumu. Yalikuwa maziwa na vidonge vya mifupa vilivyosagwa, kalsiamu na vitamini D, vya kununuliwa duka lolote la dawa. Ila vilikuwa vingi. Kobe alimrudia daktari maneno hayo neno kwa neno.

"Wewe ukivinywa, havikudhuru," daktari alisema. "Kwake yeye ni kumwagia mafuta nyumba inayoungua. Lakini uandike kwa haki, afande. Nyumba ilikuwa inaungua tayari, na mimi nilishawaita zimamoto, mtu akawafungia mlango." Akavaa miwani. "Ana ndugu wa damu?"

"Dada mmoja."

"Mlete nimpime. Mara nyingine ugonjwa huu unatembea ndani ya ukoo."

Kobe alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Mkono ulibaki pale pale. "Dada huyo," alisema polepole, "leo amekunywa chupa nzima ya maji mbele yangu, na jua halijatoka."

"Basi usimlete kesho," daktari alisema. "Mlete leo. Mimi nipo hadi jioni."

Mahabusu, Mama Mapacha alikuwa amekaa alipoachwa.

"Vidonge vya mifupa," Kobe alisema. "Vya wifi yako, sivyo? Muuguzi wa nyumba ni yeye."

Mwanamke alifunga macho. Alipoyafungua yalikuwa makavu.

"Mume wangu alikuwa havitaki. Alisema vinamzidishia kiungulia. Wifi akaniambia nivisage, nimtilie kwenye maziwa, asijue. Nikasaga. Alipozidi kuumwa, wifi akasema mifupa bado ina njaa, ongeza. Nikaongeza. Siku aliyokufa alikuwa amekunywa vikombe viwili, asubuhi na mchana, vyote kwa mkono wangu." Aliutazama mkono huo. "Ndivyo vilivyomuua?"

"Vilimsukuma. Ugonjwa ulikuwa umeshamshika shingoni."

"Daktari yule alisema shingo."

"Alisema kweli. Kwa nini hukunieleza habari za vidonge?"

"Nikueleze nini? Kwamba muuguzi mzima alikosea na mimi nikatii? Nani angeniamini? Na mngeniamini, mngemkamata yeye pia. Mimi kwetu sina mtu, afande. Tungeingia ndani wote wawili, wanangu wangelala wapi? Mmoja wetu ilibidi abaki nje."

"Ukamchagua yeye."

"Sikumchagua. Nilikuwa nimeshakamatwa."

Mkuu alisikiliza habari yote akiwa amesimama. "Kwa hiyo muuaji ni nani?"

"Punje ya mchele, mkuu."

"Punje ya mchele haipandi kizimbani!"

"Ndiyo sababu nataka saini yako mwanamke huyu atoke."

"Waandishi wa habari nimeshawaambia tumempata."

"Waambie tumempoteza."

Mkuu alimtukana Kobe, akamtukana mkemia, akaitukana kalamu iliyogoma kuandika. Kisha akasaini.

Kobe alimwacha Mama Mapacha ndani ya gari, akaingia karakanani peke yake. Sista alikuwa anakunja nguo za watoto kwenye meza ya kukatia. Chupa ilikuwa imejazwa upya.

"Amesaini maelezo yake?" aliuliza.

"Sista, mifupa ya mdogo wako ulikuwa unaitibu kwa nini?"

"Nilijua tu utafika huko, kuona kama tulimtelekeza." Aliingia ndani akarudi na kopo la plastiki, akaliweka mezani kwa kishindo cha mtu anayeweka ushahidi wa upande wake. "Kalsiamu na vitamini D. Sikumpa kidogo kidogo kama waganga uchwara. Hata mimi mwenyewe natumia hivi hivi, maana mgongo na magoti hayanipi usingizi."

Kobe alilisogeza kopo hadi likakaa kando ya kikombe cha bati alichokuja nacho. Upande wa pili akafungua karatasi ya mawe. Kisha akamweleza, kwa maneno yale yale ya daktari, bila kuongeza wala kupunguza: punje nne, moja iliyoasi, mifupa inayoporwa, birika. Alipofika kwenye mashapo ya kikombe hakuinua sauti wala hakuishusha.

Sista hakubisha. Alikuwa muuguzi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alifungua kifuniko cha kopo, akakifunga, akakifungua tena.

"Nilimwambia aongeze," alisema.

"Najua."

"Wodini tulikuwa tunawapa wazee. Mifupa ikiuma, unaipa kalsiamu. Kila mtu anajua hivyo." Alikaa kwenye kigoda cha cherehani. "Utanifunga?"

"Sina kifungu cha sheria kinachomfunga mtu kwa kupenda vibaya. Ukikipata, nionyeshe."

"Wifi yangu anajua kwamba vidonge vilikuwa vyangu?"

"Vikitoka mkononi mwako kuingia mkononi mwake, asijue vipi?"

"Anajua kwamba ndivyo vilivyo kikombeni?"

"Tangu siku uliyonifungulia leso mezani."

"Mbona hakusema? Nilimwita muuaji mbele ya mtaa mzima. Nilimtemea mate pale langoni mwa kituo. Mbona hakusema?"

"Ulikuwa na watoto wake."

Sista alinyoosha mkono kuichukua chupa. Ilifika nusu ya njia ya kwenda mdomoni.

"Kiu hiyo," Kobe aliuliza, "imekuanza lini?"

Chupa ilibaki hewani. Maji ndani yake yalitikisika, yakatulia. Taratibu, kama mtu anayetua kitu cha moto, Sista aliiweka chini, na mkono uliokuwa umeishika ukapanda wenyewe hadi shingoni.

Nje watoto wawili walipiga kelele kwa pamoja. Mlango ukasukumwa. Mama Mapacha aliingia na nguo alizokamatwa nazo, pacha mmoja kiunoni, mwingine ameng'ang'ania sketi. Alitazama kikombe, kopo na mawe. Aliitazama chupa kwa muda mrefu zaidi kuliko vyote, maana chupa ya namna hiyo alishaijaza sana katika nyumba hii. Mwisho akautazama ule mkono shingoni.

"Wifi," Sista alianza, "mimi…"

"Usiseme. Ukisema nitajibu, na watoto wanasikia."

Alimshusha pacha, akalichukua kopo la vidonge, akalitia kwenye mfuko wa sketi yake.

"Vaa viatu," alisema. "Afande ameniambia kwamba daktari yupo hadi jioni."

"Siwezi kwenda na wewe. Nitakwenda na wewe kwa uso gani?"

"Huo huo. Hatuna mwingine wa kukuazima." Aliinama, akavivuta viatu vya Sista kutoka chini ya cherehani, akaviweka mbele ya miguu yake. "Mdogo wako nilitaka kumrudisha hospitali, ukakataa, nikakutii. Nyanyuka. Leo sikuombi ruhusa."